Mkebe wa Dawa za Mwethya

Alhamisi, Julai. Baridi. Ukungu umekalia vilima tangu asubuhi, na manyunyu hayaamui kama yanataka kuwa mvua au la. Mimi nimekasirika, na nimechoka kukasirika.

Niliomba ruhusa ya siku moja kiwandani Athi River nije Machakos kumpeleka mama kliniki. Jumapili alianguka kanisani katikati ya wimbo, amelowa jasho na baridi hii yote. Wenzake wakampa soda, akaamka, akaimba mpaka mwisho wa ibada. Kwa simu aliniambia yuko sawa tu. Mama huwa sawa kila siku. Dada yake pia alikuwa sawa, hadi siku alipoamka amepooza upande wa kulia.

Kabla hatujatoka nilimwambia abebe dawa zake za presha tumwonyeshe daktari. Akaingia chumbani, akatoka na mkebe wa majani ya chai.

Ndani mlikuwa na vidonge vya kila aina. Vyeupe, vya manjano, vya waridi, vingine vimekatwa nusu. Hakuna bahasha, hakuna jina la mtu.

Si zake. Ni za mwethya.

Mwethya ni kikundi cha wamama wa kijiji chetu wanaosaidiana shambani. Wiki hii wanachimba mitaro kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Baba alipofariki ndio waliotulimia misimu miwili, kwa hivyo siwezi kuwasema vibaya. Lakini sasa nusu yao wana presha, wengine wana sukari, na kuna miezi zahanati haina dawa. Basi wakafanya na vidonge vile wanavyofanya na majembe, wakaviweka pamoja. Kazi ikiisha na chai ikinywewa, mkebe unazunguka. Mama ndiye mtunzaji, kwa sababu anaaminika.

"Hii nyeupe ni ya kichwa," akanieleza kwa fahari. "Hii ya manjano ni ya miguu ikifura. Na hii alileta Mama Kyalo, inapeana nguvu."

Mama Kyalo ni jirani yetu. Ana sukari.

Nilimfokea mama yangu uani mpaka kuku wakakimbia. Sijivunii, lakini hapa nimeahidi kuandika ukweli.

Daktari alikuwa kijana, mpole kuliko mimi. Alimwaga vidonge kwenye karatasi, akavitenganisha kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu. Presha ya mama ilikuwa mia moja themanini na nane kwa mia moja na kumi. Akamweleza polepole kwamba presha haiumi, na hapo ndipo inapodanganya watu. Dawa yake haingojei kichwa kigonge, humezwa kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Kuna inayolegeza mishipa, kuna inayotoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo, na aliyeandikiwa hii huenda ile isimfae kabisa. Na kile kidonge cha nguvu kazi yake ni kushusha sukari. Ukikimeza bila kuandikiwa, tena hujala, unaweza kuanguka. Mama huenda kanisani bila kunywa hata chai.

Alisikiliza yote, kisha akauliza, "Sasa daktari, mwenye hana akae tu? Tumuangalie tu?"

Daktari alikohoa kidogo, akasema asiye nazo aje mwenyewe apimwe, aandikiwe zake. Ni jibu sahihi. Lakini mwezi ambao dawa hazipo? Swali la mama bado linaniudhi, kwa sababu ni swali zuri.

Kisha daktari akanigeukia. Mimi je, nilipimwa lini? Nikasema niko poa.

"Pima huyo," mama akasema.

Mia moja sitini na mbili kwa mia moja na nne.

Sasa nikiri. Sikushtuka. Mwaka jana muuguzi wa kiwandani aliniambia presha yangu iko juu, nirudi baada ya wiki. Sikurudi. Nilijiambia ni kelele za mashine, ni chumvi ya chipsi, nina miaka thelathini na minane tu. Nimemfokea mama kwa kumeza dawa za wenzake, na mimi nimekwepa hata kuandikiwa zangu.

Daktari alisema nimekuja na hasira, kwa hivyo nirudi kesho nimetulia, nipimwe tena, ndipo aamue dawa.

Tukakaa kwenye benchi nje. Mama alichosikia ni kimoja tu, kwamba mimi nimetoka bila dawa. Akafungua bahasha yake mpya, yenye jina lake kwa herufi kubwa, akatoa kidonge, akaninyooshea kiganja.

"Mbithe, meza hii. Mimi nitameza kesho."

Dakika kumi. Dakika kumi tu baada ya kuelezwa yote yale!

Nilitaka kufoka tena. Badala yake nililia, pale pale, watu wakitazama. Nikamwambia, Mwaitu, mama yangu, hiki ni chako peke yako, hakigawanywi, hata na mimi. Akanitazama kama mtu aliyekatazwa kumpa mtoto wake chakula.

Mkebe tumeuacha kwa daktari. Jumamosi wanachimba kwa Mama Kyalo, na mama anawaza atawaambia nini wenzake. Mimi pia sijui amwambie nini atakayekuja mikono mitupu.

Kidonge cha leo amekimeza mbele yangu. Cha kesho amekiweka kando ya kikombe chake na kusema hakigusi mpaka nirudi kutoka kliniki na karatasi yenye jina langu.

Nimepiga simu kazini kuomba siku nyingine. Natamani niandike kwamba nimeamua kuitunza afya yangu, lakini sijafika hapo. Kesho nitakwenda ili mama ameze dawa yake.