Kiti cha Asiyekuwepo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tena shikamoo mara mbili: ya kwanza ni ya heshima na ya pili ni ya kujikinga. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba mkongojo umeufungia nyuma ya mlango ukidai ni kitu cha wazee. Sisi huku wazima. Mkweo anakusalimu, na mjukuu wako ameota meno mawili, sasa anang'ata kila kilicho mbele yake, chaki zangu zikiwemo.

Najua unatafuta nini katika barua hii. Macho yako yanakimbia kulitafuta neno "kazi". Tafadhali Baba, usiruke mistari. Habari ya ile kazi ya Kampuni imo na nitaifikia, ila nataka uifikie kwa njia niliyopita mimi. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba dereva wa gari la mafuta hakati kona kwa pupa.

Kama unavyojua, mimi ndiye mlezi wa klabu ya mdahalo hapa shuleni. Mwaka huu Kampuni (naiita unavyoiita wewe, kana kwamba duniani hakuna nyingine) ilidhamini mashindano ya mdahalo ya shule zote za hapa mjini. Afisa uhusiano wao alipogundua kwamba mimi ni binti wa Mzee Tangi, aliyeendesha magari yao ya mafuta mpaka nywele zikageuka rangi, alifurahi kama aliyempata ndugu aliyepotea. Akasema wanatafuta mwalimu wa kuratibu midahalo yao kila mahali, mwenye ofisi, gari, na mshahara ambao sisi walimu huuona usingizini tu. Uamuzi ungetolewa baada ya fainali. Nilipokupigia kukueleza, ulisema sasa unaweza kuzeeka kwa raha. Mama anasema ulimweleza hadi kinyozi.

Afisa mwenyewe si mtu mbaya, nakuhakikishia. Wanafunzi wamempa jina la Bwana Tabasamu. Alitushushia maboksi ya fulana zenye jina la Kampuni mgongoni, kikombe cha mshindi kinachong'aa, na vijitabu vya hoja vilivyochapishwa vizuri kuliko vitabu vyetu vya kiada. Mada aliileta pia, imeshaandikwa kwenye bango: "Wa kulaumiwa kwa joto na ukame ni mwananchi, si serikali." Timu moja iunge mkono, nyingine ipinge, na kila upande una kijitabu chake. Alituhakikishia kwamba Kampuni haimwambii mtoto yeyote aseme nini, kila mmoja ajisemee atakavyo. Na kweli, Baba, hakumwekea mtu neno mdomoni.

Sasa, klabu yetu ina desturi moja, na desturi hiyo niliiiba nyumbani kwako. Unakumbuka lile jagi la kioo la Mama lilipovunjika? Sote tuliapa kuwa ni kaka, kwa sababu kaka alikuwa uwanjani anacheza mpira. Ukavuta kiti kitupu ukakiweka mezani, ukasema kwamba kwenye nyumba yako kesi haisikilizwi mpaka mwenye kiti akae. Kaka aliporudi na kuhojiwa, ikabainika kwamba mvunjaji ni shangazi, ambaye muda wote huo alikuwa akitikisa kichwa kwa masikitiko kuliko sisi wote. Basi na sisi, kabla ya kuandaa hoja, huweka kiti kitupu katikati ya darasa na kuulizana: nani anahusika na jambo hili lakini hayupo?

Safari hii wanafunzi walianza kwa utani. Wakamkalisha muuza mkaa, wakamkalisha mkulima, wakamkalisha waziri, na yule aliyeigiza waziri alisinzia papo hapo, tukacheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia. Lakini msemaji wetu mkuu, msichana mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye wenzake humwita Wakili, hakucheka. Alikuwa anafunua vijitabu vyote viwili kwa pamoja. Akasema wote hao wameshatajwa humo, kwa hiyo hakuna hata mmoja anayestahili kiti. Kuna mkaa, kuna kuni, kuna takataka, kuna vibali vya misitu na uzembe wa wakubwa. Petroli haimo. Dizeli haimo. Neno "mafuta" limetokea mara moja tu, kwenye jalada la nyuma, chini ya nembo, baada ya maneno "kwa hisani ya". Kisha akaniuliza kwa adabu zote kama moshi wa magari na mitambo haupandi juu kama moshi mwingine.

Nilimjibu kwamba unapanda, tena wanasayansi wamesema kwa miaka mingi kwamba makaa ya mawe, mafuta na gesi ndivyo vyenye mchango mkubwa kuliko vyote katika joto hili. Nilipomaliza kusema hivyo nikavichukua vile vijitabu nikavisoma mwenyewe hadi mwisho. Hakuna aliyetudanganya, Baba. Mkaa unamaliza misitu kweli, na serikali husinzia kweli. Wao walichagua swali tu, na wakalichagua kiasi kwamba timu yoyote ikishinda, wao wamo salama. Pale nyumbani asiyekuwepo ndiye aliyetwishwa lawama. Huku asiyekuwepo ndiye aliyenusurika.

Nikakumbuka barua yako iliyopita. Uliniandikia kwamba kamba ya kisima mmeiongeza tena urefu, na kwamba mwenye makosa ni jirani anayechoma mkaa, hata hamsalimiani siku hizi. Nilijiuliza umeyatoa wapi, kisha nikaikumbuka redio yako na kipindi cha hali ya hewa kila asubuhi, ambacho nacho ni kwa hisani ya hao hao. Sikulaumu hata chembe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekigawa kijitabu chao darasani bila kukisoma hadi mwisho. Ila kapeane mkono na jirani, nakuomba. Magunia yake machache hayakukausha kisima peke yake.

Fainali ilifanyika ukumbini, na ukumbi ulifurika hadi madirishani. Umeme ulikatika mapema, basi Kampuni ikawasha jenereta lao nje, likawa linanguruma kiasi kwamba majaji waliwaomba wasemaji wapaze sauti. Joto lilikuwa la kuivisha yai. Bwana Tabasamu alikaa mstari wa mbele, miguu ameikunja, anapunga kijitabu kujipepea. Timu yetu ndiyo iliyokuwa ikiunga mkono mada.

Wakili aliposimama alimwomba mwenyekiti ruhusa ya kusogeza kiti. Mwenyekiti, akidhani mtoto amechoka, akakubali. Wakili akakibeba mwenyewe na kukiweka katikati ya meza mbili. Akaanza kwa kusema kwamba mwananchi ana makosa yake, na kwamba wapinzani wake wako sahihi, serikali pia inayo. Kisha akasema yupo wa tatu ambaye hatukuambiwa tumjadili, naye si mgeni, kwa kuwa tumembeba sote. Akageuka taratibu akauonyesha ukumbi mgongo wake, jina la Kampuni likiwa limelowa jasho. Aliongeza kwamba hamtukani mtu. Kwa mafundisho aliyopewa, asiyekuwepo hahukumiwi, ila pia haachiwi aondoke bila kuulizwa, na kiti chake ndicho hicho.

Baba, nimesikia makofi maishani mwangu lakini yale yalilishinda jenereta. Mwenyekiti akagonga kengele akisema msemaji yuko nje ya mada. Na kijana wa timu pinzani, aliyepaswa kumrarua, akasimama akasema anamuunga mkono mpinzani wake kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akakielekezea kile kiti hotuba yake yote. Naye akagongewa kengele. Majaji walipokata alama, sisi tulikatwa zaidi kwa kuwa ndio tulioanza, kikombe kikaenda kwao. Wakili alilia kidogo, kisha akauliza kama kengele imewahi kugongwa mara nyingi hivyo. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba ili nisionekane nilivyokuwa.

Sasa umefika kwenye kona, Baba. Punguza mwendo.

Watu walipotawanyika, Bwana Tabasamu alinifuata nikipanga viti. Aliwasifu watoto, akasema kazi bado ni yangu nikiitaka. Aliomba jambo moja tu, kwamba mratibu awasaidie vijana wabaki ndani ya mada. Nilimuuliza mada zitakuwa zinatoka wapi. Akasema zitatoka ofisini, zikiwa tayari. Nikamwomba na mimi jambo moja. Wakili na wenzake walikuwa bado wamesimama pale. Nikamwomba akae kwenye kile kiti dakika chache tu awajibu. Alikitazama kama kiti kilichopakwa rangi mbichi, akasema ana kikao mahali. Basi nikamshukuru kwa heshima na nikaikataa kazi.

Ndiyo hivyo. Nimeikataa, na wewe umeshamweleza hadi kinyozi. Najua utakachosema kabla hujakisema, kwamba petroli ndiyo iliyonisomesha. Sikatai hata siku moja. Daftari zangu, viatu vyangu, ada yangu, vyote vilishuka kwenye gari lako, na harufu ya dizeli kwenye shati lako mpaka leo kwangu ni harufu ya baba karudi salama. Kilichoniuma siyo ofisi wala gari. Kiliniuma kukuvunjia ile raha uliyosema utazeekea. Lakini ningeichukua, ningekuwa nalipwa kukiondoa kiti chako ukumbini kabla watoto hawajaingia, na hapo nisingeweza kusema kwamba umenilea wewe. Nina raha, Baba. Nafundisha, nalala vizuri, na Wakili haniogopi.

Udhamini nao umekwisha. Nasikia mwakani watadhamini mpira, nadhani kwa sababu mpira hauulizi maswali. Sisi tunaendelea bila fulana. Muhula ujao mada tumeichagua wenyewe, na mafuta yamo. Ndipo klabu nzima ikakwama, kwa sababu Kampuni tumeiandikia ilete msemaji na imekataa, na kwa sheria yako kesi haiwezi kusikilizwa hivyo.

Kwa hiyo wamenituma nikuombe wewe. Njoo ukae. Siyo uje kuisaliti Kampuni, la, njoo uitetee. Waambie kuhusu hospitali uliyoipelekea mafuta barabara zikiwa zimejaa maji. Waambie mtu akizima injini zote leo, kesho tutakula nini. Haya hawajayasikia kutoka kwa mtu anayeyaamini. Halafu na wewe wasikilize. Watakuuliza maswali magumu, nami sitagonga kengele.

Mama nimeshazungumza naye. Anasema barua hii ikifika utanuna siku nzima, siku ya pili utaitoa redio sebuleni, na siku ya tatu utauliza suruali ya kijivu iko wapi. Amenituma nikwambie imeshapigwa pasi.

Msalimie Mama, msalimie kaka na familia yake, shangazi pia, mwambie jagi tumeshamsamehe. Na jirani wa mkaa msalimie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Watoto walibishana wakuiteje siku hiyo, Mtetezi au Mheshimiwa Dereva. Mwishowe wamekubaliana wakuite Babu, maana, anasema Wakili, babu hawezi kuwa nje ya mada.

Wako mtiifu, isipokuwa mara hii moja,

Binti yako, Mwalimu