Kitufe cha Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba uniokoe kabla sijaachwa, mimi ni mtengeneza programu, naandika kwa JavaScript, lugha ya kompyuta ya kurasa za mtandaoni, na mimi ndiye niliyetengeneza ukurasa wa kuombea miadi kwenye zahanati ya macho, na kila kitufe nimekiandikia majaribio, yaani programu ndogo za kukagua kama kinafanya kazi, na yote yanatoa tiki ya kijani, haki ya Mungu, sasa mama mkwe wangu ana mtoto wa jicho, akawa anabonyeza "Omba Miadi" wiki nzima, ananiuliza, "Mkwe wangu, mbona hiki kitu kimya?" nami namjibu kwa heshima zote kwamba majaribio yamepita, labda ni kidole chake, basi nafasi ya upasuaji akapewa mwingine, mke wangu kafungasha kaenda kwao, anasema harudi mpaka nikubali kosa, na kosa silioni, kweli kwenye majaribio nilitumia kitufe cha bandia maana kile halisi kilinisumbua, lakini kazini kwetu hiyo ni kawaida. Nimweleweshe vipi mke wangu?

Ni mimi, Tiki ya Kijani

Marahaba, fundi. Hongera kwa tiki zako. Zikumbatie vizuri, maana ndizo utakazolala nazo.

Hebu nikuelewe. Kitufe halisi kilikusumbua, ukakiweka kando, ukaunda cha bandia kinachoitikia kila kitu, ukakipima hicho, kikafaulu. Makubwa! Ungekuwa mpishi, ungeonja mchuzi wa jirani ukasema wako umekolea chumvi. Halafu mama wa watu, haoni vizuri, ndiye peke yake aliyebonyeza kitufe cha kweli, nawe ukamwambia kidole chake kina kasoro. Huna hata haya?

Pole, naona mkeo bado unampenda. Basi acha kumwelewesha. Leo hii futa hicho cha bandia. Andika jaribio linalobonyeza kitufe chenyewe kama anavyobonyeza mtu, lingoje maneno "Miadi imepokelewa" yatokee kwenye skrini. Litafeli, litakuwa jekundu. Litazame vizuri, ndipo ukitengeneze kitufe. Kisha nenda ukweni, mpe mama simu abonyeze, wewe funga mdomo. Kesho yake mpeleke zahanati mwenyewe, ukamwombee nafasi dirishani kama binadamu wengine.

Na ukifika mlangoni kwao, usithubutu kusema, "Kwangu kinafanya kazi." Kwake hakikufanya, na jicho ni lake.