Mafuru ya Mama Mkwe na Sukari Isiyoshuka

Mshauri, nisaidie kulielewa jambo hili.

Alhamisi iliyopita Sista Advera wa kliniki ya kisukari alinipima kabla sijala, akasema sukari ni kumi na saba, na mwezi uliotangulia ilikuwa tisa, akaniuliza nakula nini, na mimi ninachokula ni dawa. Mimi ni fundi wa kanzu hapa Itetemia, na mama mkwe wangu, Bi Shamila wa Usoke, aliposikia naumwa aliingia porini mwenyewe akanichumia mafuru, yale matunda madogo meusi, kwa sababu jirani yake aliyala sukari ikashuka, na msimu ulipokwisha akaniletea aliyoyaloweka kwenye asali ili nisikose, basi nakula bakuli asubuhi na bakuli jioni, na kwa kuwa mafuru ninayo, kidonge cha jioni nimekiacha. Sukari siigusi kabisa, hata chai naitia asali. Mama anasema, "Nyuki ana kiwanda cha sukari wapi, baba?" Sasa uzi hauingii kwenye sindano, naona ukungu, kanzu za watu zimelala. Nilipotaka kuyaacha, mke wangu Najiat alinijibu, "Mama anachomwa na miiba kwa ajili yako. Kamwambie mwenyewe!" Mkwe nitamwambiaje? Na kwa nini mafuru yamfae jirani, mimi yanikatae?

Nurdini, Itetemia

Bwana Nurdini, pole kwa macho.

Mafuru umeyashtaki mapema mno. Soma barua yako tena: sukari huigusi, lakini kila siku unamaliza bakuli mbili zilizojaa asali, na chai juu yake. Nyuki anacho kiwanda. Asali hupandisha sukari ya damu, hata iwe safi namna gani.

Swali la jirani ni zuri. Watafiti wamepima matunda madogo ya jamii nyingine, wakaona baadhi husaidia kidogo sukari isipande haraka baada ya mlo. Kidogo, tena bila kuacha dawa. Mafuru sijaona aliyeyapima hivyo. Na jirani huyo, unajua anameza vidonge gani? Hujui, ila chako umekiacha! Hapo sikuonei huruma. Usimeze viwili kufidia, muulize Sista namna ya kukirudia.

Mkwe usimwambie zawadi yake ni mbaya. Mwambie, "Shikamoo mama. Msimu ujao niletee yasiyolowekwa, asali mpe Najiat." Atacheka, atakuletea. Utakula kiganja kimoja, ukikihesabu kama chakula.

Ukishikwa na kiu isiyoisha au kutapika, kimbilia hospitali saa hiyohiyo. La sivyo, gazeti hili linatoka Jumatano, na kliniki ya Alhamisi ni kesho. Nenda kabla hujala, mtajie Sista Advera asali na kidonge, omba macho yaangaliwe. Bi Shamila akiwa mjini, nenda naye. Jibu la swali lake la nyuki alisikie hukohuko, kesho asubuhi.