Kufuli la Upande wa Pili

Mwaka umetimia, Baba, tangu umeme urudi na wewe usirudi.

Mafundi wenzako wa laini kubwa ya umeme walikuita Mzee Kufuli, na jina likakukaa. Kufuli lako jekundu lilining'inia kiunoni hata kwenye harusi ya mwanao. Kabla ya kupanda mnara ulizima swichi kituoni, ukaifunga kwa kufuli hilo, ufunguo ukautia kwenye mfuko wa shati. Nani angeweza kuwasha, na ufunguo uko juu na wewe? Nyumbani ulipita chumba hadi chumba ukizima taa. "Humu kuna mtu, au mnawawashia mbu?" Kisha ukaondoka ukicheka peke yako. Ugomvi ule tunaukosa mno.

Mabwawa ya mkoa wetu yalipokauka na mgao ukatuchosha, wewe ndiye uliyetueleza mezani kwa nini laini inaunganishwa na mkoa wa jirani. Ulichukua kikombe cha Mama, ukamimina nusu ya chai kwenye chako kilichokuwa kitupu. "Wao wana mvua, sisi hatuna. Mwakani huenda sisi ndio tukawapa. Majirani ni kuombana chumvi." Mama akasema, "Basi nirudishie chai yangu." Uliipenda sana laini ile.

Lakini mazoea yana taabu. Miaka yote umeme ulitoka upande mmoja, na upande huo ndio uliozoea kuufunga. Mchana ule ulifunga kama kawaida, ukapanda, ukawa bado hujafunga ule waya wa kuupeleka umeme ardhini. Kwenye kituo cha mkoa wa jirani kulikuwa na kijana aliyeona mtaa wetu, unaolishwa na laini hiyohiyo, hauna umeme. Akatuhurumia. Hakuuliza, akawasha.

Nyumbani feni ikazunguka. Wajukuu wako wakapiga kelele, "Umeme huoo!" Nasi tukapiga makofi. Mpaka leo taa zikiwaka tunashtuka, na mtu mmoja lazima atoke nje akasimame kidogo.

Kijana yule alikuja msibani. Alisimama mlangoni, akashindwa kuingia mpaka Mama alipomshika mkono. Baadhi yetu hatukuweza kumtazama.

Na sasa, Baba, tunaogopa. Kifungua mimba wako ameishika kazi yako. Tulimsihi, tukamnunia, hatukufua dafu. Binti ni wewe mtupu. Shangazi alianza kusema, "Sikio la kufa…" akajiziba mdomo mwenyewe. Leo binti huyo amepanda mnara uleule. Wanaongeza nyaya ili mikoa ipeane umeme mwingi zaidi.

Kufuli lako Mama alikuwa amelificha kwenye ndoo ya unga. Wiki hii alilitoa, akalifuta, akanunua na jingine.

"Hili funga huku," alimwambia binti. "Hili mpelekee yule kijana afunge kwake. Funguo zote mbili ukae nazo wewe."

"Yule, Mama?"

"Yuleyule. Hakuna mtu anayeogopa kuliko yeye."

Tunaandika haya umeme umekatika, naye yuko juu. Kijana amepiga simu mara mbili kusema kufuli liko mahali pake na yeye amekaa mbele yake, haendi hata kunywa maji. Bado tunaogopa. Mama ameishika simu kwa mikono miwili, na swichi ya sebuleni ameiacha imewashwa, yeye ambaye ulimfundisha kuzima kila kitu. Watoto wameonywa: taa ikiwaka, mtu asipige makofi mpaka Mama asikie kwa masikio yake, "Nimeshuka."

Tunaokukumbuka ni mkeo, wanao, pamoja na huyo aliye mnarani, dada yako, na wajukuu wako wote. Kijana wa kituo cha jirani aliomba naye atajwe. Mama amesema aandikwe.

Kila umeme unaporudi, Baba, tutakukumbuka.