Andika Jina Lako Tu

Mwalimu Sanga,

Kamwene. Ulikuwa hukubali mtu aanze habari yoyote kabla ya salamu, kwa hiyo naanza nayo hata kama safari hii hakuna wa kuitika.

Ni mimi Mama Eliya, yule wa cherehani ya dirishani. Eliya mwenyewe yuko darasa la kwanza sasa, mbishi huyo! Nimechoka, lakini hilo si jipya. Ulizoea kuniambia, "Wewe utapumzika ukistaafu." Kiti chako hapa karakana hakuna aliyekikalia tangu tukuzike. Hakuna aliyekatazwa. Mtu anakisogelea, halafu anakwenda zake kukaa kwenye benchi.

Nimeandika kwa sababu kuna jambo nataka ulisikie kwangu. Tumeufuta utaratibu wako wa kuwapima wanafunzi wapya. Na mimi ni mmoja wa waliosema ufutwe.

Usikasirike kwanza.

Unakumbuka siku tuliyokuja mimi na Atupele kutoka Nyololo, tulikosoma pamoja? Wote shule tuliiacha kidato cha pili kwa sababu ya mimba, wote na watoto mgongoni. Chuo kilikuwa na makundi mawili, la kuanza na la mbele, na kila mwalimu alipima anavyojua yeye. Madamu wa mapishi alimpa mtu gazeti asome. Mwalimu wa useremala aliangalia viganja tu, basi. Wewe ulikaa dirishani na kikombe chako cha chai, ukauliza lililokujia kichwani.

Nilitangulia mimi. Atu akanishikia Eliya. Ukaniuliza, sare moja inakula mita moja na nusu, una mita kumi, zinatoka sare ngapi na kinabaki kiasi gani? Nikasema sita, inabaki mita moja. Ukacheka. "Kundi la mbele, mama, nenda!" Nilifurahi mpaka nikapoteza akili. Nikamchukua Eliya, nikakimbilia barabarani kutafuta mtandao nimpigie mama. Sikukumbuka hata kumwambia Atu, nipe na mtoto wako nikushikie.

Kwa hiyo Atu aliingia na mtoto mgongoni, mtoto analia. Ukamwonea huruma. Ukamwambia, "Usihangaike, mama. Andika jina lako tu." Akaandika. Ukamsifia mwandiko. Ukampeleka kundi la kuanza.

Mwalimu, hesabu za sehemu Atu ndiye aliyenifundisha. Shuleni nilikuwa nachungulia daftari lake. Hapa akakaa muhula mzima anafundishwa kusoma futi na kuhesabu vifungo, na kwa upole wake hakusema. Likizo ilipofika akaenda kwao Iyunga, hakurudi tena. Ukaniuliza, "Mwenzako vipi?" Nikakujibu ameolewa. Ilikuwa kweli, lakini halikuwa jibu.

Ningekwambia siku ile ile, ungembadilishia kundi. Nakujua. Niliogopa ukianza kurekebisha, utanipima na mimi upya. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Sasa mwaka huu, baada yako, meza yako ya kupimia wamenipa mimi. Mwezi wa kwanza wamekuja wapya, na mimi nauliza kama wewe, hata chai ninayo. Akaingia binti katokea Mgololo, jasho linamtoka, mtoto mgongoni. Kabla sijafikiri, mdomo wangu ukasema, "Usihangaike, mama. Andika jina lako tu."

Akaniangalia. "Dada, hilo tu? Mbona mwenzangu umempa hesabu?"

Nikakiweka kikombe chini. Mimi, Mwalimu! Mimi niliyeingia hapa na Eliya.

Nikampa hesabu. Akaipata, tena haraka kuliko mimi.

Ndipo mkuu wa chuo alipoleta wazo kwenye kikao: karatasi moja kwa fani zote, maswali yale yale, muda ule ule, na juu inaandikwa namba badala ya jina. Yule wa useremala akasimama, akasema, "Hapa mnamzika Sanga mara ya pili." Wote wakanigeukia, maana wanajua mimi ni mtoto wako.

Nikasimama. Nikasema Mwalimu alikuwa na moyo mzuri, na huo moyo ndio uliomrudisha Atupele Iyunga. Nikawasimulia ya siku ile, na simu yangu ya barabarani nikaitaja. Nikasema karatasi haina huruma, ni kweli, lakini haioni nani kabeba nini.

Lakini pia sikuwaachia kila kitu. Karatasi haioni mikono. Nikaomba kila mtu apewe futi apime mlango ule ule, akate kitambaa kile kile. Na watoto wawe na mtu wa kuwashika nje, anayejulikana, kabla mtihani haujaanza. Wa useremala akanung'unika, "Haya, yaya naye tumwandikie kwenye ratiba?" Nikamwambia, "Ndiyo, mwandike wa kwanza." Wakacheka. Wakakubali.

Salamu yako nimeibakiza. Kila anayeingia anaamkiwa kwanza, ndipo anapewa namba.

Mwalimu, sijui kama huko mtu anaumia. Ukiumia, nisamehe. Kama si wewe mimi nisingekuwa na meza wala cherehani. Ulinipima kwa dakika mbili ukanipa maisha. Mwenzangu naye ulimpima kwa dakika mbili hizo hizo.

Nilimpigia Atu. Miaka yote hii namba ninayo, sikuwa na uso. Nikamweleza, nikamwomba aje apimwe upya. Akaniuliza, "Na safari hii nitaandika jina tu?" Nikamwambia hata jina halitakiwi. Akacheka kile kicheko chake cha shuleni, na mimi nikalia kama mjinga, simu sikioni.

Anakuja Jumatatu, na kitoto chake cha pili, miezi sita. Nimemwomba mkuu karatasi yake isisahihishwe na mimi. Atakwenda kundi atakalokwenda.

Basi pumzika, Mwalimu wangu. Kaburi lako nitakuja kulipalilia mvua zikikatika. Na hili nakuahidi leo: Jumatatu nitakuwa nje ya mlango ule, mtoto wa Atu mgongoni kwangu, na sitakimbilia barabarani mpaka mama yake atoke.

Mama Eliya