Kaka na sola ya kujifungia mwenyewe

Shoga, uko? Kaka kaanguka kutoka juu ya paa. Tuko naye hospitali, miguu haisogei kabisa.

Ile sola! Alikataa fundi, eti anakwepa gharama. Gharama gani, na mdogo wetu ndiye fundi wa sola? Lakini si unajua hawasemezani tangu ule ugomvi wa kiwanja cha baba. Basi akapanda mwenyewe na paneli begani. Bati lilikuwa na umande, akateleza.

Mdogo wetu kaja na nguo za kazi, hata mikono hajanawa. Kasimama mlangoni, akamwambia. "Kaka, mimi ningekufungia bure."

Bure, shoga! Akaongeza, "Ungenipigia tu."

Kaka kafumba macho. "Nilishika simu. Nikaona haya."

Jamani, haya! Wifi katoka nje kulia.

Daktari keshatwambia tusitegemee atatembea tena. Mdogo wetu alikaa upande wa miguuni, akafunua shuka, akaanza kumkanda nyayo taratibu.

"Unasikia nikikushika?"

"Sisikii," kaka akamwambia. "Lakini usiache."