Madreva Watatu Waliokagua Kiraka cha Mke Wangu

Mpendwa Shangazi Wema, shikamoo. Naomba msaada, lakini kwanza ujue unayemsaidia ni nani, maana sitaki unihurumie bure: mimi ndiye mwanaume mwenye bahati kuliko wote kuanzia Lusahunga hadi daraja la Rusumo, jina langu Pancras limo ndani ya kompyuta kubwa za dunia, zile zinazopitisha picha na pesa na salamu za watu, limekaa humo pamoja na la mke wangu, na siku nikifa kompyuta zitaendelea kulibeba, sasa niambie ni fundi pancha gani mwingine wa Kagera mwenye bahati hiyo.

Shule niliishia darasa la sita lakini dunia nimeisoma kwa matairi, nilikuwa utingo, Kigali nimelala, Bujumbura nimekula mukeke mpaka nikaota mapezi, Lubumbashi nimebishana na askari akaishia kuninunulia soda, na sasa nimetulia hapa njia panda ya Lusahunga, nina kibao changu nilichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, PANCHA MALOLI, na hakuna gari linalokwenda Rusumo lisilonijua.

Mke wangu anaitwa Aline, ila mimi namwita Mama Ineza kwa jina la binti yetu. Wazazi wake walitoka Burundi wakalima Ngara, yeye akasoma mpaka chuo kikuu akarudi na kompyuta, na nilipomuuliza kazi yake hasa ni nini akaniambia, "Narekebisha dreva." Shangazi, wivu ulinipanda mpaka masikioni! Nikamwambia, "Mama Ineza, madreva wote wa barabara hii nawajua, ni yupi huyo mbovu hadi arekebishwe na mke wangu?" Alicheka akakaa chini. Kumbe dreva ni programu inayoiendesha kadi ya mtandao, kile kibao cha umeme kilicho ndani ya kompyuta ambacho waya wa mtandao unachomekwa, na hizi kadi za kwake ni za mwendo mkali, sekunde moja inapokea mizigo mamilioni, na kila mzigo unapangwa kwenye foleni kama malori ya Rusumo, ila hii foleni inatembea.

Programu hiyo watu wa dunia nzima wanaijenga pamoja, mwenye dawa ya kasoro anatuma kiraka, barua pepe ya maandishi matupu, kwenye baraza la wazi la mtandaoni, kila mtu anaisoma, wanaitoa makosa mbele za watu, na mkuu wa dreva hiyo akiridhika ndipo anakiingiza. Viraka, Shangazi! Mimi nabandika nje, yeye ndani, nyumba nzima ni ya viraka na hatujawahi kulala njaa.

Sasa nikusimulie huyu mwanamke. Aligundua kasoro ambayo wakubwa walikuwa wanaizunguka tu: kadi inaweka mzigo mahali pake halafu inanyanyua bendera kwamba tayari, na programu inatakiwa ione bendera kwanza ndipo isome mzigo, lakini kompyuta za siku hizi zina haraka kama utingo mwenye njaa, nyingine zinachungulia mzigo kabla ya bendera, matokeo yake zinasoma takataka za safari iliyopita. Aline akaongeza mstari mmoja tu, geti, kwamba asisome mtu chochote mpaka bendera ionekane. Mstari mmoja! Na juu yake maelezo marefu kama mahubiri ya Pasaka, kasoro iko wapi, inatokea lini, ameipimaje kwenye mashine ya mbali anayoifikia kwa mtandao. Nikamuuliza, "Mstari mmoja na hotuba yote hiyo?" Akasema, "Mstari ni wa kompyuta, hotuba ni ya watu." Nilitoka nje nikakaa kwenye tairi nikitikisa kichwa.

Na haogopi mtu. Kuna mhandisi wa ng'ambo, picha yake ana ndevu za heshima, alituma kiraka chake, Aline akamjibu, "Kinafanya kazi, lakini hujasema kwa nini kinafanya kazi. Rudi nacho ukiwa unajua." Na yule bwana akasema asante! Mimi nikimwambia mteja hivyo napigwa spana. Basi wakaanza kusema wamweke rasmi kuwa mkaguzi wa dreva ile, yaani mtu akitaka kuigusa lazima aulizwe kwanza Aline wa Lusahunga. Siku aliyosoma hayo alicheza uani na mwiko mkononi.

Tatizo sasa. Kile kiraka cha geti kilikwama. Mkuu wa dreva, mama mmoja wa Finland, aliandika kwamba kinaonekana sawa ila anataka jicho la mtu mwingine likikague ndipo akipokee, Aline akangoja, hakutokea mtu, namwona anafungua simu anafunga, anafungua anafunga, roho ikaniuma. Shangazi, huku kwetu ukiomba kitu ofisini unatafuta wadhamini, mwenyekiti wa kitongoji, jirani, katekista, wanasaini kwamba wanakufahamu na mambo yanakwisha, nikaona ah, kumbe ni wadhamini tu wanaotakiwa! Na nani wa kukagua dreva kama si dreva? Nikawaendea Gidioni, Nahimana na Kazimili, madreva waliokuwa wameegesha kwangu, nikawaambia shemeji yenu anahitaji wadhamini, wakasema chukua simu zetu, shemeji tunampenda. Nikaandika mimi kwa kila simu, na ya kwangu mwisho, yale maneno niliyoyaona wenzake Aline wanaandika kule, Leviewed-by, yaani mimi fulani nimekikagua, kisha jina, na kwa Kazimili nikaongeza kwamba ana uzoefu mkubwa wa dreva na hajawahi kupata ajali.

Asubuhi yake yule mama wa Finland akaandika, Aline akanisomea kwa Kiswahili, sauti haipandi haishuki: "Watu wanne nisiowajua wamekikagua kiraka chako jioni moja, wote wana kosa moja la tahajia, na mmoja anasema hajawahi kupata ajali. Unawafahamu? Mpaka nipate jibu nimesimamisha kiraka, na lile suala la kukuweka mkaguzi pia."

Mpaka leo hajamjibu. Hajanigombeza. Chakula ananipa, nikimwita anaitika. Jana tu alisimama mbele ya kibao changu, mikono ameifunga kifuani, akauliza, "Baba Ineza, hivi wewe lori unaliandikaje?" Nikamwambia, "Kwani limeharibika?" Akasema, "Ego," ndiyo ya kwao, akaingia ndani.

Rafiki yangu Thobias muuza vocha anasema niongeze wadhamini wengine kumi, wengi wape. Mimi nawaza nimwandikie yule mama kwa jina la Gidioni kwamba sisi ni chama cha madreva, au ninyamaze lipite, maana nikisema Aline ataniona mjinga, na mimi kwake ni mtu niliyeiona dunia. Huyu mwanamke nampenda, Shangazi, na ninamwogopa kidogo, na lile jina analotaka kupewa linapotea mbele ya macho yangu. Ninyamaze au niseme?

Pancras, fundi pancha, Lusahunga

SHANGAZI WEMA ANAJIBU

Marahaba, Pancras. Barua yako imenikuta nyumba yako inaungua, kwa hiyo nakutumia jibu leo leo kwa simu. Gazetini itakuja baadaye.

Nianze na lililonifurahisha. Barua ninazoletewa na waume wa wanawake waliosoma huwa zina neno moja, kiburi. Wewe umekaa kwenye tairi ukatikisa kichwa kwa ajili ya mstari mmoja wa mkeo. Mungu akuzidishie. Haya, sasa kaa vizuri nikuchape.

Unaniuliza unyamaze au useme, utadhani kuna siri. Bwana wee, mkeo anajua! Neno lile la ukaguzi linaanza na R. Mhariri wangu alizisahihisha l na r zako barua nzima, nikamwambia hilo moja aliache, na kibao chako akiache, wasomaji waone. Katika baraza lile la dunia nzima, ni nani mwingine anayeandika hivyo kama si aliyeandika PANCHA MALOLI kwa rangi nyekundu? Alipokuuliza lori unaliandikaje hakuwa anafundisha tahajia. Alikuwa anakufungulia mlango upite na heshima yako, nawe ukamfungia kwa utani. Na unajua kwa nini hajamjibu yule mama wa Finland? Akisema kweli, atamtaja mumewe. Akisema hawafahamu, atadanganya. Amebanwa hapo katikati, anakungoja wewe, na kadiri unavyochelewa jina linalooza ni lake.

Kuhusu wadhamini wako. Mdhamini anasema, mtu huyu namfahamu. Mkaguzi anasema, kitu hiki nimekiangalia, kikivuja niulizeni mimi. Hayo ni mambo mawili, na wewe kuliko mtu yeyote ungeyajua. Ukishabandika kiraka unafanyaje? Unautumbukiza mpira kwenye beseni la maji unatafuta mapovu. Dreva akikuuliza umeutumbukiza, utamjibu ndiyo kwa sababu unampenda dada yake? Gari hilo linakwenda kushuka mteremko wa Rusumo na watu ndani! Mkeo hakukosa watu wa kumpenda. Alikosa mtu wa kumtafutia mapovu. Na wewe umewaapia watu wa dunia kwamba hakuna povu hata moja, wakati beseni lako lilikuwa kavu.

Thobias mwache auze vocha. Uongo wa wanne hautibiwi na wa kumi na wanne. Chama cha madreva kife leo kabla hakijazaliwa.

Fanya hivi. Nenda nyumbani sasa hivi, usingoje chakula, umwambie. Usianze na "nilitaka kukusaidia", hilo analijua. Anza na "ni mimi". Akikasirika mwache akasirike, usimchekeshe. Kisha andika kwenye baraza lile lile la wazi ulikokosea, kwa jina lako, kwa Kiswahili chako, watatafsiri: kwamba wote wanne ni mkono wako mmoja, madreva hawakujua walichosaini, Aline hakujua lolote, na maneno yale unayaondoa. Usimsifu humo hata kwa neno moja, najua itakuuma. Gidioni na wenzake wapigie uwaambie ulichofanya na majina yao. Na siku nyingine ukitaka kumsaidia mkeo, muulize anataka nini kabla hujaazima simu za watu.

Kibao usikifute. Kimekuumbua, lakini kimemwokolea mkeo muda wa kutafuta mwizi.

UJUMBE WA PANCRAS, aliotutumia baadaye akaomba uwekwe papa hapa

Shangazi, nilimkuta anapepeta maharage nikasema, "Ni mimi." Akasema, "Yewe Pancras! Nilidhani nitazeeka nikingoja." Utani ulinifika hapa kooni nikaumeza kama ulivyoniagiza. Halafu akaweka ungo chini akanisema, na alinisema kweli kweli. Akasema, "Jina la Mama Ineza umenipa wewe, hilo lichezee. Lile la kule sikupewa na mtu, nimelijenga mstari kwa mstari."

Nikaandika. Alitafsiri yeye, neno kwa neno, alipofika sehemu moja akainua macho, "Na hili la beseni langu lilikuwa kavu, nalo niweke?" Nikasema weka. Yule mama wa Finland akajibu, "Asante kwa kusema mwenyewe. Viraka vya Aline nitaendelea kuvisoma kama zamani." La kumweka mkaguzi rasmi hajaligusa tena. Aline anasema atakagua bila cheo mpaka waone aibu, na jana amemrudisha tena yule wa ndevu.

Kisha akatokea mtu wa Brazil tusiyemjua, huyo akakikagua kiraka cha geti kweli, akapata povu moja kwenye ile hotuba, sentensi iliyosema bendera inanyanyuliwa na programu badala ya kadi. Aline alilipuka kwa furaha. Mimi nikikutwa na povu nanuna, yeye anashukuru! Akarekebisha, akatuma tena, kikapokelewa. Nimewaeleza madreva wote watatu, Gidioni na Nahimana wamenisamehe, Kazimili anauliza kama uzoefu wake ulisaidia.

Aline alinionyesha kilipoingia. Chini ya maelezo kuna majina, la kwake, la yule wa Brazil, la mama wa Finland. Niliyasoma polepole kwa kidole, nikarudia. Sasa lile nililokuanzia nalo barua, kwamba jina langu limo ndani ya kompyuta za dunia.

Nilikudanganya, Shangazi. Halimo.